IP uliyoiweka kwenye Linux haishiki? Tazama kwanza nani ameishikilia kadi ya mtandao

Watu huniletea lalamiko lilelile: "Nimeandika anwani ya IP kwenye faili, nikawasha kompyuta upya, imerudi ileile ya zamani." Swali langu huwa moja: uliandika kwenye faili lipi?

Maana Linux ya mezani ina wasimamizi wa mtandao zaidi ya mmoja. Yupo NetworkManager, ndiye anayekaa nyuma ya lile dirisha la mipangilio. Lipo faili la zamani, /etc/network/interfaces, ambalo Debian bado inaliheshimu. Kwa Ubuntu kuna Netplan, mfumo unaosoma mipangilio ya mtandao kwenye faili, tangu toleo la 17.10. Mafunzo mengi ya mtandaoni yaliandikwa kwa ajili ya seva, nawe unayanakili kwenye kompyuta ambayo bosi wake ni mwingine kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, andika kwenye terminal amri hii ya NetworkManager:

nmcli device

Ukiona "connected" mbele ya kadi yako, NetworkManager ndiye mwenye kadi, fanya kazi kupitia kwake. Ukiona "unmanaged" kwenye Debian, fungua lile faili la interfaces. Kadi ikiwa imetajwa humo, NetworkManager huiachia. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nikibofya dirisha la mipangilio bila mafanikio, kumbe mistari miwili niliyoiandika miezi kadhaa nyuma ilikuwa bado imo. Tazama pia jina la kadi. Mafunzo ya zamani yanasema eth0, yako huenda inaitwa enp3s0.

Kama mwenye kadi ni NetworkManager, amri ni hii, yote kwa mstari mmoja:

nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.addresses 192.168.1.50/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns 192.168.1.1 ipv4.method manual

Jina la muunganisho lako utalipata kwa nmcli con show. Kisha:

nmcli con up "Wired connection 1"

Hii ya pili ndiyo watu huisahau. Ya kwanza inahifadhi tu. Kadi inaendelea na anwani yake ya zamani hadi muunganisho uinuliwe upya.

Sasa angalia ile /24, inayosema mtandao wako una ukubwa gani. Usipoiandika, nmcli haitalalamika, itaweka /32 kimyakimya, yaani kompyuta inajiona iko peke yake kwenye mtandao wake. Balaa lake ni kwamba intaneti inaweza kuendelea kufanya kazi kama kawaida, huku printa iliyo kwenye ruta hiyohiyo ikikugomea, kwa sababu kompyuta haiioni tena kama jirani. Hakikisha kwa amri ip a: mstari wa inet uishie /24, na neno "dynamic" lisiwepo. Likiwepo, anwani hiyo bado inatoka DHCP, yaani ruta ndiyo inayoigawa yenyewe.

Kuhusu DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: ping 1.1.1.1 ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, huenda ulisahau ipv4.dns. Usikimbilie kuhariri /etc/resolv.conf kwa mkono, litaandikwa upya.

Wa Netplan, faili lake la mipangilio (YAML) halitaki tab, nafasi tu, na gateway4, mstari wa kutaja ruta, imepitwa na wakati. Njia ya kwenda kwenye ruta sasa inaandikwa chini ya routes. Tumia sudo netplan try badala ya apply: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya awali. Imeniokoa mara nyingi.

Halafu kuna kosa ambalo Linux haina hatia nalo: kuchagua anwani iliyo ndani ya fungu ambalo ruta inagawa. Itakaa vizuri siku tatu, kisha ruta itampa mwingine anwani hiyohiyo, na mtandao utaanza kukatika na kurudi. Chagua nje ya fungu hilo, na kabla ya kuitumia jaribu:

sudo arping -D -I enp3s0 -c 3 192.168.1.50

Jibu likija, ina mwenyewe.

Kwa kweli, kwa kompyuta ya mezani isiyohama, mimi siku hizi naiacha kwenye DHCP na kuitengea anwani kwenye ruta kwa MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kadi. Kwa Wi-Fi tu, hakikisha kwanza kwamba NetworkManager haitumii MAC ya kubahatisha, la sivyo ruta haitaitambua.