Shatrunjaya: mlima unaofungwa na mvua

Kila ninapofundisha kuhusu hija ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, katika mlima Shatrunjaya, swali la kwanza la wanafunzi huwa ni idadi ya mahekalu. Ni mengi kweli, zaidi ya mia nane, makubwa kwa madogo, yaliyobanana kileleni juu ya mji wa Palitana, wilaya ya Bhavnagar, Gujarat. Mimi huwaomba waiweke kando hesabu hiyo kwanza, kwa kuwa sikukuu kubwa ya hapo, Kartik Purnima, yaani siku ya mwezi mpevu ya Kartik katika kalenda ya Kihindi, haieleweki bila kuitazama miezi minne inayoitangulia, ambapo mlima huo huwa hauhijiwi.

Pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikisukuma majahazi ya pwani yetu kuelekea Bara Hindi, huifikia Gujarat mwezi wa Juni zikiwa na mvua. Ardhi huchipua, wadudu hujaa njiani, na kwa mafundisho ya Kijaini kila kimoja kati ya viumbe hivyo kina roho, hata kile kisichoonekana kwa macho. Kutembea kwenyewe kunakuwa kuua. Kwa hiyo watawa, ambao miezi mingine ya mwaka huhama kwa miguu kutoka mji hadi mji, hutulia mahali pamoja katika kipindi hicho kiitwacho chaturmas, nao waumini wa kawaida huacha kuukwea mlima.

Mwezi wa Kartik unapokuwa mpevu, kwa kawaida Oktoba au Novemba, njia hufunguliwa. Inaaminika kwamba siku hiyo ndugu wawili, Dravid na Varikhilla, walipata ukombozi, yaani kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, mlimani hapo pamoja na watawa milioni mia moja. Mahujaji huanza kupanda kabla ya mapambazuko, vidato zaidi ya elfu tatu, wengi wakiwa pekupeku, na wazee wasiojiweza hubebwa kwa machela. Ngozi haivaliwi, chakula hakiliwi juu, na magharibi ikikaribia kila mtu hushuka, makuhani wakiwamo, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kulala kileleni.

Katika hekalu kuu, ambalo mfanyabiashara Karma Shah alilikarabati mwaka 1531, imo sanamu ya Adinath, wa kwanza kati ya Tirthankara, walimu wakuu wa Wajaini waliofikia ukombozi. Anayetaka kuigusa huoga, huvaa nguo zisizoshonwa (msomaji aliyewahi kuona ihramu ataielewa haraka), hufunga kitambaa mdomoni ili pumzi yake isiifikie sanamu, kisha kwa ncha ya kidole hupaka sandali iliyochanganywa na zafarani katika sehemu tisa za mwili wa sanamu hiyo, akianzia vidole vya miguu. Hapo wageni wengi hukosea, wakidhani anaomba kitu. Tirthankara amekwisha kukombolewa na haingilii mambo ya dunia. Muumini humheshimu ili naye aifuate njia yake. Mwenye haja ya dunia ana pengine pa kwenda: juu ya mlima huo huo lipo kaburi la Angar Pir, walii wa Kiislamu, ambako wanawake wanaotafuta watoto huacha vitanda vidogo vya kubembelezea watoto. Sijaona kitabu cha fikihi wala cha falsafa ya Kijaini kinachoueleza ujirani huo vizuri kuliko vitanda vyenyewe.

Kuna wakati mlima ulikosa mahujaji kwa sababu isiyo ya mvua. Mwaka 1926, kufuatia mgogoro na mtawala wa Palitana juu ya kodi ya mahujaji, Wajaini waliamua kutokwenda kabisa, wakashikilia msimamo huo hadi yalipopatikana makubaliano mwaka 1928 ya kumlipa rupia 60,000 kwa mwaka badala ya kumtoza kila hujaji.

Asiyeweza kufika Palitana siku ya Kartik Purnima huhiji kwa macho. Katika miji ya mbali hutandazwa kitambaa kikubwa kilichochorwa mlima mzima, na watu huinama mbele yake. Nikiwa Ahmedabad kwa utafiti nilimtazama bibi mmoja akiifuata njia iliyochorwa kwa kidole bila kukigusa kitambaa, kona baada ya kona. Alipofika katikati alisimamisha kidole, akavuta pumzi, akakaa kidogo, ndipo akaendelea kupanda.