Mwanga wa mitokondria si kipimo cha nishati

Kila wanafunzi wanapowasilisha tafiti zao hapa Kisumu, wakiwa wametia seli rangi inayong'aa ndani ya mitokondria (vijumba vya seli vinavyotengeneza nishati), kauli ni ile ile: "Seli hizi zinang'aa zaidi, kwa hiyo mitokondria zake zinatengeneza nishati zaidi." Hapana, jamani.

Kinachopimwa hapo ni volteji ya utando wa mitokondria, na maana yake ni fupi. Mitokondria husukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, kuvuka utando wake wa ndani, na upande wa ndani hubaki na chaji hasi. Tofauti hiyo, kwa kawaida kama milivolti 140 hadi 180, ndiyo volteji ya utando. Rangi kama TMRM na rodamini 123 zina chaji chanya na hupenya mafuta ya utando, basi huvutwa ndani zikarundikana. Ukizimulika, zinang'aa.

Lakini volteji ni akiba, si mazao. Kina cha maji katika Bwawa la Turkwel hakikuambii umeme kiasi gani unazalishwa. Mitambo ikifungwa, maji hupanda. Dawa ya oligomaisini hufanya hivyo hasa. Huziba kimeng'enya kinachounda ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, protoni zikakosa njia ya kurudi, volteji ikapanda. Rangi inang'aa kuliko mwanzo, na kimeng'enya hicho hakiundi ATP hata chembe!

Mwanga wenyewe pia una hila. Rangi ikizidi, molekuli zake hubanana na kuzimana. Hapo volteji ikishuka, rangi hutoka nje ya mitokondria na mwanga huongezeka badala ya kupungua. Tena utando wa nje wa seli una volteji yake, nao huamua rangi kiasi gani itaingia. Ndiyo maana jaribio lisilo na FCCP, kemikali inayoangusha volteji ya mitokondria ili tuone kama mwanga unaifuata kweli, mimi nalihesabu nusu jaribio. (Wanaotumia rangi ya MitoTracker Green, ambayo hufuata zaidi wingi wa mitokondria, nitawarudia siku nyingine.)

Kipimo hiki kina heshima yake, hasa kwetu tunaoishi na malaria. Mwaka 1997, rangi ya aina hii ilionyesha kwamba atovakwoni, dawa ya malaria, huangusha volteji ya mitokondria ya vimelea vya ugonjwa huo. Ila watafiti hao hawakutegemea mwanga peke yake. Walipima pia matumizi ya oksijeni.

Basi, mwanafunzi wangu, badala ya "nishati imepungua", andika "mwanga wa TMRM umepungua, yaelekea volteji imeshuka". Nishati utaitaja ukishapima ATP.