Maana ya kurudia dawa kwa cheti

"Nimejitoa kwenye kifurushi cha daktari wa simu, siku hizi narudia dawa tu zikiisha."

Kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, kauli hii inasikika sana hapa Tabora, kwa wakazi wa Ng'ambo na Ipuli na kwa wanaoingia mjini na basi la asubuhi kutoka Sikonge na Urambo. Anayeisema huwa anamaanisha kwamba ameacha kulipa ada ya kila mwezi, na sasa analipia pale tu anapohitaji huduma. Hapo hana kosa. Tatizo liko kwenye hilo "narudia". Kwa watu wengi limekuwa sawa na kununua tena kile kile, na matokeo yake wapo wanaomeza vidonge vya presha ambavyo hakuna mtaalamu aliyevitazama upya tangu msimu wa mvua uliopita, na mwingine tangu ule wa kabla yake.

Maana yenyewe ni fupi. Kurudia dawa kwa cheti ni kupewa tena dawa ileile kwa idhini ambayo daktari aliiandika mapema kwenye cheti, ikiwa na idadi ya marudio na tarehe ya mwisho. Kulipia kila mara ni namna ya kulipa tu: hakuna ada ya mwezi, unalipa siku unayohudumiwa. Yote mawili ni halali, na yanaweza kwenda pamoja, ila moja ni idhini na jingine ni pesa. Unaweza kubadili namna ya kulipa bila kuigusa idhini, na idhini inaweza kufika mwisho hali pesa unayo mkononi.

Kwenye kifurushi cha tiba mtandao, yaani cha daktari wa simu, mambo haya yanafungwa pamoja, ndiyo maana yakitenganishwa watu wanachanganyikiwa. Ada ya mwezi inaweza kuwa inalipia nafasi ya kuzungumza na daktari, uandishi wa cheti, dawa yenyewe, au vyote kwa mkupuo. Kampuni hazifanani. Ipo ambayo ada yake ni ya daktari peke yake, na dawa unakwenda kuinunua famasi kwa fedha nyingine. Ipo ambayo dawa imo ndani ya ada na inatumwa nyumbani. Kabla hujajitoa, ujue ulikuwa unalipia kipi, maana hicho ndicho utakachokikosa.

Mfano mzuri uko England. Kule kumwona daktari wa familia katika mfumo wa umma hakulipiwi, lakini asiye na msamaha hulipia dawa za cheti kwa kila dawa, na tangu Mei 2024 bei ni pauni 9.90. Anayetumia dawa nyingi anaweza kununua hati ya mwaka mzima kwa pauni 114.50, kisha asilipe tena dirishani. Ukipiga hesabu, hati inaanza kumfaa anayechukua dawa 12 au zaidi kwa mwaka. Chini ya hapo ni nafuu kulipia moja moja. Sasa tazama: mtu wa England akiachana na hati ya mwaka, daktari wake hajaguswa. Cheti chake kinabaki vilevile na tarehe yake ya kuangaliwa upya iko palepale, kwa sababu alichobadili ni malipo ya dawa. Kwa mtu wa Tabora aliyejiunga na daktari wa simu, mara nyingi ni kinyume. Dawa alikuwa anainunua mwenyewe tangu mwanzo. Alipojitoa, aliyeondoka ni daktari.

Kwa hiyo kuna kurudia, na kuna kuhuisha cheti. Kurudia ni kuchukua kilichobaki kwenye idhini. Kuhuisha ni uamuzi mpya: mtu mwenye mamlaka ya kuandika dawa anatazama hali yako ya leo, vipimo vyako, dawa nyingine unazomeza, halafu anaamua uendelee, upunguziwe, uongezewe au ubadilishiwe. Nchini Marekani tofauti hii inaonekana kwenye chupa ya dawa, ambayo kibandiko chake huandikwa idadi ya marudio yaliyobaki. Sheria yao ya shirikisho inakwenda mbali zaidi kwa dawa zinazoweza kuzoesha mwili. Zile za kundi kama la diazepamu haziruhusiwi kurudiwa zaidi ya mara 5, tena ndani ya miezi 6 tangu cheti kiandikwe. Za kundi la mofini hazina marudio kabisa, kila mara lazima cheti kipya. Hata huko ambako biashara ya daktari wa mtandaoni imekomaa, hakuna anayedhani kwamba kulipa kila mara kunafuta idadi iliyoandikwa kwenye chupa.

Sisi tumetoka kwenye mazoea mengine. Miaka mingi tulikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yalitakiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti, lakini kila mtu anajua kilichokuwa kikiuzwa. Mwaka 2003 yakaanza kwa majaribio mkoani Ruvuma maduka ya dawa muhimu, yenye wauzaji waliopewa mafunzo na orodha maalumu ya dawa za cheti wanazoruhusiwa kuuza, na baadaye yakaenea nchi nzima. Kibao kilibadilika, lakini mazoea ya mteja hayakubadilika sana. Bado anakuja na paketi tupu, anaiweka juu ya kioo na kusema, "Nipe kama hii." Paketi tupu inaeleza jina la dawa na nguvu yake. Haielezi aliyekuandikia, lini, kwa ugonjwa gani, wala mpaka lini.

Mama mmoja wa makamo alikuja hivyo kwenye dirisha letu la famasi, na paketi ya amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 10.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe kama hii, na ile ya kukojoza."

Nikamuuliza ile ya kukojoza alipewa na nani. Hakunijibu, akavua kandambili. Mikanda yake ilikuwa imeacha mifereji miwili juu ya unyayo, na alipojibonyeza kwa kidole karibu na kifundo, pakabaki shimo lililochelewa kujaa. Jirani yake ndiye aliyemwambia kwamba miguu ikivimba dawa yake ni furosemaidi, hiyo ya kukojoza. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuwa akimlipia kifurushi cha daktari wa simu, akakisitisha, akamwambia, "Mama, dawa si unazijua, uwe unarudia tu."

"Presha umepimwa lini, mama?"

"Kwani si nakunywa dawa?"

Amlodipini inalegeza mishipa midogo ya damu, ndivyo inavyoshusha presha. Kwa baadhi ya watu, hasa kwa dozi kubwa ya miligramu 10, kulegea huko kunafanya maji yachuje kutoka kwenye mishipa na kutuama miguuni. Si kwamba mwili umeshindwa kutoa maji, kwa hiyo dawa ya kukojoza haiugusi mzizi wa uvimbe, na juu ya hapo inaweza kumpunguzia mtu madini ya potasiamu na kumletea uchovu na mapigo ya moyo yasiyotulia. Pengine alichohitaji ni kupunguziwa dozi, au kuongezewa dawa ya aina nyingine, na huo ni uamuzi wa daktari. Pengine pia moyo au figo vina shida, nalo linataka kupimwa. Kila mara mama alipokuwa "anarudia", alikuwa anarudia tatizo, kisha ananunua dawa ya pili ya kulifukuza. Furosemaidi sikumuuzia. Nilimpima presha, nikamwandikia namba zake na majina ya dawa zote mbili kwenye karatasi, nikamwomba aende nayo Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mambo ya namna hiyo yapo kwa kila dawa ya kudumu. Metfomini ya sukari hutegemea figo ziitoe mwilini, kwa hiyo figo zinatakiwa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na zikishuka sana dawa inasimamishwa. Losatani ya presha inaweza kupandisha potasiamu. Dawa ya tezi ya shingo inaangaliwa kwa kipimo cha damu wiki 6 hadi 8 baada ya kubadili dozi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinataka presha ipimwe. Hakuna kati ya haya linaloonekana kwenye paketi tupu.

Wanaoielewa tofauti hii vizuri kuliko wote ni watu wanaohudhuria kliniki za CTC, zile za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mteja ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi 3, na wengine miezi 6 kwa mara moja, ili asipoteze nauli na siku ya kazi kila mwezi. Ukimuuliza atakwambia vizuri kabisa kwamba hajaachiwa ajitibu. Ana tarehe ya kurudi kwenye kadi, na ana kipimo cha wingi wa virusi kinachosubiriwa. Yaani wamepunguza safari bila kuondoa jicho la mtaalamu. Natamani wagonjwa wetu wa presha na sukari wawe na utaratibu wa namna hii kwa dawa zao, kwa sababu ndivyo marudio yanavyotakiwa kufanya kazi.

Sitaki ieleweke kwamba natetea vifurushi. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, ambaye fedha yake inaingia wakati wa masoko na miezi mingine anabana matumizi, ada inayokatwa kila mwezi kwenye simu haiendani na maisha. Tuseme kifurushi ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 144,000. Mwenye presha iliyotulia akilipia kuhuisha cheti mara 2 kwa mwaka kwa 15,000 kila mara, anatumia 30,000, na inabaki fedha ya kutosha ya kipimo cha figo. Namba hizo ni za mfano tu, lakini wazo ni hilo. Kujitoa kunaweza kuwa uamuzi wa busara kabisa, mradi sehemu ya kilichookolewa irudi kwenye vipimo.

Kuna jambo moja tu ambalo kulipia kila mara hulileta, na linahitaji kutazamwa kwa macho mawili. Aliye kwenye kifurushi ameshalipa, kwa hiyo akiona miguu imevimba anauliza bila kuhesabu shilingi. Anayelipia kila mara hulipa kwa kila swali, na mtu wa kipato cha chini atalimeza swali kabla ya kutoa pesa. Upande wa pili, mtoa huduma anayelipwa kwa kila cheti anapata fedha akikubali kukuandikia. Daktari mwadilifu hatayumbishwa na hilo, lakini mfumo unamsukuma upande mmoja. Ukiona umelipa, ukajaza jina la dawa, na cheti kikaja pasipo mtu kukuuliza presha yako ni ngapi wala unatumia dawa gani nyingine, hapo cheti hakijahuishwa. Umeuziwa karatasi.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyejitoa kwenye kifurushi, kujitoa si kosa, na wala usione haya kusema unalipia kila mara. Ila kama marudio kwenye cheti chako yamekwisha, au hukuwahi kuandikiwa marudio yoyote, hujaja kurudia dawa; unahitaji cheti kihuishwe, nasi dirishani tutakuelekeza pa kuanzia. Na siku daktari anapokuandikia kipya, awe wa Kitete au wa simu, muulize kabla hamjaagana: nirudie mara ngapi, na mwisho tarehe ngapi? Mwombe aviandike vyote viwili kwenye cheti chenyewe, kwa sababu ujumbe unaosema "endelea na dawa zako" haumwambii mfamasia lolote kati ya hayo.