MIS si kompyuta jamani

Kuna jamaa huku Kampala kaniambia chuo chao "kina MIS sasa" kwa sababu wamenunua programu mpya na kompyuta kibao, nikacheka kidogo. Wengi tunafikiri hivyo, ati MIS, yaani mfumo wa taarifa za usimamizi, ni ile programu, kumbe programu ni kipande tu, mfumo ni watu, data, utaratibu wa kazi na mashine vikienda pamoja, na lengo lake ni bosi apate taarifa ya kuamulia jambo.

Ona hii. Mdogo wangu alilipa ada kwa simu, meseji ikaja palepale, lakini siku ya mtihani jina halipo kwenye listi, kwa nini? Karani alikuwa anasubiri Ijumaa ndo anakili malipo ya benki kwa mkono kwenye Excel, tena namba ya usajili kaikosea tarakimu moja. Programu ilikuwa nzima kabisa! Kilichokufa ni utaratibu.

Biashara nayo ni vilevile. Tangu 2021 URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, wameleta EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki, na mwenye duka Kikuubo, pale sokoni Kampala, anaiona kama mzigo wa kodi tu (simlaumu sana), ila akikaa na zile rekodi zake akaangalia sukari inaisha siku gani na mchele upi umelala stoo miezi miwili, halafu akabadilisha oda, hapo ndo ana MIS, hata kama anaandika kwenye kaunta buku.