Je, wajua kwa nini sheria za kuwinda kulungu hupima nishati ya risasi?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, kwa hiyo mkazi wa Nairobi hana haja ya kujua risasi ipi inamfaa mnyama yupi. Hata hivyo, anayezisoma sheria za Ulaya kuhusu kulungu, wale wenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, hukuta jambo la kushangaza: badala ya kutaja majina ya risasi zinazoruhusiwa, sheria hizo hutaja kipenyo, uzito, kasi au nishati. Kwa nini?

Lengo ni kwamba mnyama afe upesi, asije akakimbilia kichakani na jeraha. Ili hilo litokee, kichwa cha risasi lazima kifike moyoni au mapafuni kikiwa bado na nishati ya kutosha, na nishati hiyo hutokana na uzito na kasi, ingawa kasi ndiyo yenye athari kubwa zaidi, kwani ikiongezeka maradufu nishati huongezeka mara nne. Jina lililopigwa chapa kwenye ganda halielezi hayo yote. Risasi za jina moja huuzwa zikiwa na vichwa vya uzito tofauti, na zikifyatuliwa kwa mtutu mfupi hutoka kwa kasi ndogo, kwa sababu gesi ya baruti haikupata nafasi ya kutosha kuzisukuma.

Sheria ya Kulungu ya mwaka 1991, inayotumika England na Wales, hudai kipenyo cha milimita 6.1 na nishati ya takriban jouli 2,300 mdomoni mwa mtutu. Risasi ya .243 Winchester yenye kichwa cha gramu 6.5, ikitoka kwa mita 900 kwa sekunde, hubeba jouli zipatazo 2,600, hivyo inapita. Ile ya .223 Remington, yenye kichwa cha gramu 3.6, hubeba jouli kama 1,700 tu, kwa hiyo huko huruhusiwa tu kwa kulungu wadogo sana kama muntjac. Ukivuka mpaka kuingia Scotland, risasi hiyohiyo inakubalika kwa roe, kulungu ambaye upande wa England anahitaji risasi kubwa, ingawa mwili wake ni uleule pande zote mbili. Ujerumani hupima nishati katika umbali wa mita 100: jouli 1,000 kwa roe, na jouli 2,000 pamoja na kipenyo cha milimita 6.5 kwa wanyama wakubwa zaidi wenye kwato. Kwa maoni yangu kipimo hicho kina mantiki zaidi, kwa kuwa hakuna anayempiga kulungu mdomoni mwa mtutu.

Wapo watakaomtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 akitumia risasi ya milimita 7 tu. Ni kweli, lakini sheria haiandikwi kwa ajili ya walengaji wa aina yake.

England na Scotland hudai pia kichwa kinachotanuka kinapogonga mwili, ili nishati iishie ndani ya mnyama badala ya kutokea upande wa pili. Ajabu ni kwamba Azimio la Hague la 1899 lilikataza vichwa vya aina hiyo vitani, kwa sababu ya majeraha yaleyale yanayomuua kulungu haraka.

Suala jipya ni risasi zisizo na madini ya risasi (ledi), kwa kuwa madini hayo huwadhuru ndege wanaokula mizoga. California, nchini Marekani, ilikamilisha marufuku ya kuwinda kwa risasi zenye madini hayo mwaka 2019. Shaba, ambayo ndiyo mbadala mkuu wa ledi, ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kichwa cha ukubwa uleule hupungua uzito na huenda kikashindwa kutimiza kiwango cha zamani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Scotland ilishusha uzito wa chini unaotakiwa kwa kulungu wakubwa kutoka gramu 6.5 hadi gramu 5.2.