Mwenye Madeni Anaweza Kupata Mkopo wa Nyumba

Imeaminiwa kwa muda mrefu kwamba mwenye madeni makubwa hawezi kupewa mkopo wa nyumba mpaka ayamalize yote, na imani hiyo imewakatisha tamaa wengi bure. Benki haiangalii jumla ya deni peke yake. Hupima zaidi ni sehemu gani ya kipato cha mwezi inayomezwa na marejesho, na kama mwombaji amekuwa akilipa kwa wakati. Deni dogo linalokata asilimia 30 ya mshahara humbana mwombaji kuliko deni kubwa linalokata asilimia 10. Kwa hiyo anayemaliza akiba yote kufuta hilo kubwa, kisha akakosa malipo ya awali ya nyumba, huenda akawa amejifungia mlango mwenyewe.