Ubunifu serikalini unaruhusiwa jamani, ila uanzie kwenye dokezo, yaani pendekezo la maandishi kwa bosi

Kila Wiki ya Utumishi wa Umma ikifika hapa Tanzania, ile ya Juni 16 hadi 23, lawama ni ileile, kwamba serikalini ukija na wazo jipya unaandikiwa barua. Mimi kazini nipo upande wa maadili na naomba nieleweke, hakuna sheria inayomkataza mtumishi kubuni. Kanuni za Maadili za 2005 zinataka huduma bora na bidii ya kazi, sasa hiyo huduma bora utaitoaje kama foleni ni ileile ya miaka yote?

Nitoe mfano. Kijana mmoja wa dirishani, mchapakazi kwelikweli, aliona wazee wanahangaika na kontroli namba, zile tarakimu 12 za kulipia serikalini, mtu anakosea moja anarudi mwisho wa foleni. Akaanza kuwasaidia, wanamtumia hela kwenye simu yake, jioni anawalipia wote. Foleni ikaisha, watu wakamsifia. Sasa kuna siku mtandao ukasumbua, malipo mengine yakagoma, kesho yake akachanganya majina na watu watatu wakaja wanadai risiti ambazo hazipo. Hakuiba hata senti. Ila mkaguzi akija haulizi nia yako, anauliza kwa nini hela ya serikali imepita kwenye simu ya mtu binafsi, na hapo huna jibu.

Na watu wanadhani mtumishi anafukuzwa tu asubuhi moja, sio kweli, nimeshalieleza hili mara nyingi mpaka nachoka. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ina utaratibu wake: kwanza hati ya mashtaka kwa maandishi, mtuhumiwa anapewa nafasi ya kujibu naye kwa maandishi, kamati ya uchunguzi inakaa inamsikiliza, ndipo mamlaka ya nidhamu inaamua. Kwa makosa mazito adhabu ni kufukuzwa kazi, kushushwa cheo au kupunguzwa mshahara. Asiporidhika ana siku 45 za kukata rufaa, na siku zinahesabiwa toka alipopokea uamuzi, sio toka alipomaliza kuzunguka kuomba watu wamwombee kwa mkubwa. Wengi wanapoteza haki yao hapohapo.

Yule kijana angeandika dokezo la ukurasa mmoja tu: shida ni hii, napendekeza hivi, hela inapita wapi. Lile swali la hela peke yake lingemzindua. Wazo lenyewe lilikuwa zuri na tunalitumia mpaka leo, kuna meza pale mlangoni, mzee anashika simu yake mwenyewe na mtumishi anamwonyesha pa kubonyeza, basi.

Kuna mama wa masjala naye alibandika vikaratasi vya rangi kwenye majalada, kila mwezi na rangi yake. Jalada likikwama mezani kwa bosi miezi miwili, rangi inaonekana toka mlangoni. Bajeti hakuomba, aliandika dokezo la mistari sita, likasainiwa, na siku hizi watu wanapeleka majalada wenyewe kabla hajawafuata.

Ukitaka kuanzisha mfumo wa TEHAMA, ofisi yako ipitie kwanza Mamlaka ya Serikali Mtandao, ndivyo sheria ya 2019 inavyosema. Na yale magrupu ya WhatsApp ya kukusanyia picha za vitambulisho vya wananchi, tafadhali acheni, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa wananchi sasa. Ile "ya soda" mnayoitoa eti kushukuru ili mambo yaende sio ubunifu wala sio wema, na Sheria ya Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, kifungu cha 15, faini kuanzia laki tano hadi milioni moja, au jela miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Mkiombwa pigeni 113, ni ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Huduma mbovu pelekeni e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, hata simu ya kitochi inafaa, *152*00# kisha fuata maelekezo. Ila andikeni siku, dirisha na mlichoambiwa, maana "hapo ni wezi watupu" hatuwezi kulifanyia kazi. Mnaoogopa, kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa.

Nikubali na la kwetu wakuu. Mtu anaandika dokezo, bosi analikalia, miezi mitatu ikipita bila jibu mtumishi anakata tamaa anaanza kufanya kimyakimya, halafu sisi ndio tunamwandikia mashtaka. Hilo linaniumiza. Mkuu wa kitengo, jibu dokezo, hata kama ni hapana andika hapana na sababu, weka saini na tarehe. Na wewe mtumishi, usipojibiwa andika kumbusho, ambatisha nakala ya lile la kwanza, hakikisha masjala wamegonga muhuri wa kupokea, na nakala yako usiitupe.